Maswali na Majibu: Likizo ya Majira ya Joto katika Nchi ya Wabaski

Barua za msimu huu karibu zote zinahusu pwani ya Wabaski, yaani kaskazini mwa Hispania na pembe ya kusini-magharibi ya Ufaransa, na nyingi kati yake zinaanza na tiketi ambayo imekwisha kununuliwa. Nitazijibu, ila nasema mapema kwamba anayetaka kuuona utamaduni wa Wabaski huanza na kalenda ya sherehe, kisha huchagua mji wa kukaa. Tiketi huja mwisho.

*Tuna siku nne mwezi wa Agosti. Tumepanga Bilbao, Gernika, Donostia (San Sebastián), Pamplona na Biarritz, na siku moja ya kupumzika ufukweni. Ratiba hii inawezekana? (Msomaji, Nairobi)*

Inawezekana kwa mchukuzi wa vifurushi. Ni kweli kwamba umbali si mkubwa, na basi la Bilbao hadi Donostia hutumia saa moja na robo hivi, lakini mtakachokiona ni vituo vya mabasi na mapokezi ya hoteli. Ushauri wangu, ambao wasomaji wa zamani wamekwisha kuuchoka, ni kukaa katika mji mmoja mdogo wa pwani ulio kwenye njia ya treni ya Euskotren, kama vile Zarautz au Zumaia. Treni hiyo huchukua takribani saa mbili na nusu kati ya Bilbao na Donostia kwa sababu husimama kila mahali, na hilo ndilo linaloifaa safari yenu: asubuhi mnashuka Zumaia maji yakiwa yamekupwa, mnatazama matabaka ya miamba yaliyosimama wima kando ya bahari, yakiwamo yaliyohifadhi alama ya wakati dinosaria walipotoweka miaka milioni 66 iliyopita, mchana mnakwenda Getaria kwa basi, mji aliozaliwa Juan Sebastián Elcano, nahodha aliyekamilisha mzunguko wa kwanza wa dunia mwaka 1522, na mnakula samaki mzima aliyechomwa kwa mkaa nje ya mlango wa mkahawa. Pamplona na Biarritz ziacheni kwa safari nyingine.

*Nataka kuona flamenko ya Kibaski. Niende mji gani? (Kijana wa Dodoma)*

Hakuna kitu kama hicho. Flamenko ni ya Andalusia, upande wa pili wa Hispania, na tafadhali usiliulize swali hili ukifika Bilbao.

*Ni tarehe zipi nzuri kwa mtu anayetaka utamaduni wenyewe na si majumba ya makumbusho tu? (Bibi Z., Tanga)*

Hili ndilo swali ambalo ningependa wote waanze nalo. Tarehe 16 Julai, sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli, wavuvi wa Santurtzi huipeleka sanamu ya mlinzi wao huyo baharini kwa msafara wa mashua. Vitoria-Gasteiz, makao makuu ya serikali ya jimbo, husherehekea kuanzia tarehe 4 hadi 9 Agosti. Wiki Kuu ya Donostia huangukia katikati ya Agosti, na ya Bilbao huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 na kudumu siku tisa. Wiki hizo mbili zina fataki kila usiku, na bei za vyumba hupanda mno, kwa hiyo anayesubiri hadi Julai kuweka nafasi asije akaniandikia kulalamika. Anayependa utulivu zaidi angoje Jumapili mbili za kwanza za Septemba, ambapo mashua za makasia, kila moja ikiwa na wapiga makasia 13 na mshika usukani mmoja, hushindana katika ghuba ya La Concha mjini Donostia, na watu wa vijijini hushuka wakiwa wamevaa rangi za mashua yao.

Zaidi ya sherehe hizo kubwa, tafuta sikukuu ya mji mdogo. Huko ndiko utakakowaona wapasua magogo na wanyanyua mawe bila kiingilio. Mnyanyuaji hujifunga mshipi mpana kiunoni, huchuchumaa, hulivuta jiwe hadi mapajani, kisha hulipandisha kifuani kwa mtikiso mmoja hadi likae begani, na anapoliachia huangukia mto mnene uliowekwa chini. Wazee walio pembeni huwa wanahesabu kimyakimya, na hawapendi mtu apite mbele yao akipiga picha.

*Picha ya Picasso iko sehemu gani ya mji wa Gernika? (Wasomaji watatu tofauti)*

Iko Madrid, katika jumba la Reina Sofía. Gernika ina nakala ya vigae ukutani tu. Hata hivyo nendeni, na mkiweza nendeni siku ya Jumatatu, kwa kuwa soko la Jumatatu lipo hadi leo, nalo ndilo lililokuwa siku ya shambulio la tarehe 26 Aprili 1937, wakati ndege za Ujerumani na Italia zilizomsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania zilipouteketeza mji. Tazameni Jumba la Makumbusho ya Amani na ule mwaloni ambao chini yake wawakilishi wa Bizkaia walikuwa wakikutana. Siafikiani na wanaopita Gernika kwa dakika kumi wakielekea ufukweni.

*Je, Mtanzania anahitaji viza? (Wengi)*

Ndiyo, viza ya Schengen, kama nilivyojibu kila mwaka. Mkenya anaihitaji pia, na hata anayeishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi bila pasipoti ya nchi hiyo anaihitaji. Omba ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kungoja hadi siku kumi na tano za mwisho ni kuitupa nauli.

*Tukitoka Donostia kwenda Hendaye upande wa Ufaransa, kuna mpaka? (Mama wa watoto wawili, Birmingham)*

Katika sheria za Schengen hakuna ukaguzi wa kawaida, na treni ndogo inayoitwa Topo huwafikisha kwa muda wa dakika 40 hivi. Lakini Ufaransa ilirudisha ukaguzi mwaka 2015, na polisi wake husimama mara nyingi kwenye daraja la mto Bidasoa na katika kituo cha Hendaye. Nitasema wazi jambo ambalo vitabu vya watalii hulipitia kando: mtu mweusi husimamishwa kuliko wengine, kwa sababu wahamiaji wa Kiafrika hupita hapo, na baadhi yao wamekufa maji katika mto huo. Bebeni pasipoti zenyewe, si picha zake kwenye simu.

*Sisi ni Waislamu. Tutakula nini? (Msomaji, Mombasa)*

Samaki, na mtakula vizuri. Agizeni marmitako, mchuzi wa jodari na viazi ambao majira ya joto ndiyo wakati wake, ila ulizeni kama umetiwa mvinyo, maana sosi nyingi za samaki hutiwa. Katika vitafunio vya kaunta vinavyoitwa pintxo, gilda ni zeituni, pilipili na samaki mdogo wa chumvi, haina nyama. Msiseme tu kwamba hamtaki nyama, kwani wahudumu wengine hawalihesabu paja la nguruwe lililokaushwa kuwa nyama. Litajeni kwa jina. Maharagwe pia hupikwa na soseji ya nguruwe. Sagardoa si maji ya matufaha, ni pombe, na txakoli ni mvinyo. Mjini Bilbao, mtaa wa San Francisco una maduka ya halali ya watu wa Maghreb.

Kwa kuwa mnatoka Mombasa, fikeni Bermeo, mjue jodari wenu huenda wapi. Meli kubwa za bandari hiyo huvua katika Bahari ya Hindi na kutumia Victoria, Ushelisheli, kama kituo chao. Moja yake, Alakrana, ilitekwa na maharamia wa Kisomali mwaka 2009. Jumba la makumbusho ya wavuvi mjini humo ni zuri, lakini mkilitembelea kumbukeni kwamba nchi za pwani yetu zimekuwa zikilalamikia maboya ambayo meli za aina hiyo huyatumia kuwakusanya samaki.

*Bahari ya huko inafaa watoto? (Baba, Dar es Salaam)*

Chagua ghuba iliyokingwa: La Concha, Plentzia, Gorliz au Hondarribia. Zurriola na Mundaka ni za wateleza mawimbini. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita nne, kama kwetu, na fukwe kadhaa humezwa zote, kwa hiyo ratiba ya maji itazamwe kabla ya kutandika mkeka. Mjini Lekeitio watu huvuka kwa miguu hadi kisiwa cha Garraitz maji yakikupwa, na kila mwaka wapo wanaosahau kurudi mapema. Bendera nyekundu ni katazo, wala haibishaniwi. Maji ya Agosti ni nyuzi 20 hadi 22. Mtoto wa Dar atalia.

*Nataka kukimbia na mafahali Pamplona. (Kijana, Kampala)*

Sikushauri. Ukishupaa, ni saa mbili asubuhi, tarehe 7 hadi 14 Julai, na pombe ya usiku uliotangulia ndiyo inayowaumiza wageni wengi.

*Kuna faida gani kumsikiliza mshairi wa Kibaski ikiwa sijui lugha? (Mwalimu, Zanzibar)*

Kubwa, hasa kwako wewe uliyekulia kwenye malumbano ya mashairi. Bertsolari, ndivyo mshairi huyo aitwavyo, hupewa mada papo hapo, mara nyingi pamoja na nafsi ya kuigiza, na huimba ubeti wenye vina na mizani kwa lahani inayojulikana, huku mwenzake akingoja kumjibu. Maialen Lujanbio, mwanamke aliyeshinda fainali kuu ya washairi hao mwaka 2009, 2017 na 2022, ndiye wa kwanza kumtafuta. Husemwa kwamba mshairi huutunga mwisho wa ubeti kwanza, na utaliona hilo bila kuelewa neno: hadhira huukamata mstari wa mwisho na kuuimba pamoja naye. Kaa nyuma, zima simu, na usimwombe jirani akutafsirie katikati ya ubeti.

*Mvua hunyesha Agosti? (Msomaji, Arusha)*

Hunyesha. Beba koti.