Msiitishe Mkutano Kabla ya Kupata Walezi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mzee wa kanisa mwenye dhamana ya uinjilisti katika kanisa letu la Busia, upande wa Uganda, nami kazi ya kuandaa mkutano wa injili naijua vizuri: kuomba kibali kwa mwenyekiti wa eneo, kukodi vipaza sauti na jenereta, na kutafuta wakalimani, kwa kuwa Kiswahili cha mhubiri huwafikia madereva wa malori na wafanyabiashara wa mpakani, lakini mama wa Kisamia auzaye mukene, yaani dagaa, sokoni hupenda kusikia habari za wokovu kwa lugha yake mwenyewe.

Baada ya mkutano mmoja wa siku tano tuliandika katika daftari majina 86 ya watu walioongozwa sala ya toba. Miezi mitatu baadaye niliketi na daftari lile nikitia alama mbele ya kila mtu niliyemwona bado ibadani, nikapata 9. Baadhi yao walikuwa madereva waliokwisha kuelekea Kampala na Juba, lakini wengi walikuwa majirani zetu. Mmoja wao, fundi wa baiskeli, aliniambia pasipo hasira kwamba alihudhuria Jumapili mbili, akapewa mkono mlangoni mara zote mbili, na hakuna aliyemuuliza anakaa wapi.

Kwa aibu hiyo tulitenda kosa la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza kwa sababu lilifanana na hekima. Tulisimamisha uinjilisti mwaka mzima ili tujenge msingi. Madarasa yalikuwa mazuri, na waumini walijifunza mengi. Lakini pasipo mgeni wa kuuliza maswali ya mwanzo, elimu ile ilikosa pa kwenda, na watu wakaanza kuyapima mahubiri ya mchungaji kuliko walivyojipima wenyewe.

Agizo la Mathayo 28 ni moja: kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, kwa kuwabatiza na kuwafundisha. Sisi ndio tuliolikata likawa idara mbili zinazogombania sadaka ile ile.

Historia ya nchi yetu ingeweza kutuonya mapema. Wamisionari wa Kianglikana walipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, waliowafuata walikuja kuitwa wasomaji, kwa sababu kuifuata imani na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja, na baadhi ya maandiko yao ya mwanzo yalikuwa ya Kiswahili. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliofika mwaka 1879 walitakiwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kuwafundisha waongofu miaka minne kabla ya ubatizo. Mimi si Mkatoliki, na miaka minne naiona mirefu. Hata hivyo, mapadri hao walipoondoka Buganda kuanzia mwaka 1882 hadi 1885, waumini wachache walioachwa nyuma, akiwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, waliendelea kuwafundisha wenzao, na mapadri waliporudi wakakuta kundi limeongezeka. Waliofundishwa ndio walioeneza imani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kanisa linalokua ni huu: hesabuni walezi, yaani waumini watakaowatembelea na kuwafundisha waongofu, kabla ya kuhesabu viti. Kwetu mlezi mmoja hapewi waongofu zaidi ya watatu, na huwatembelea mahali pao pa kazi, maana mwenye kibanda hawezi kukifunga saa kumi ili ahudhurie darasa. Dereva hupigiwa simu Jumapili jioni, na tukiwa na ndugu tunaowafahamu kule anakokwenda, tunamkabidhi kwao kwa jina.

Jambo la pili lilileta ubishi. Tulimtaka mwongofu, kabla mwezi wa kwanza haujaisha, ampeleke mlezi wake nyumbani kwa jamaa zake, naye mwenyewe aeleze kilichompata. Baadhi ya wazee walihofia kiburi, wakitaja onyo la Paulo kwa Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Onyo hilo ni la haki, lakini linahusu uongozi. Mwanamke Msamaria wa Yohana 4 hakupewa cheo chochote, naye aliuacha mtungi wake akaenda mjini kuwaita watu. Nyumbani huko ndiko mwongofu anakoulizwa maswali asiyoweza kuyajibu, na siku ya somo huja nayo kwa mlezi akiwa na kiu ya kweli, kiu ambayo mwaka wetu mzima wa madarasa haukuizalisha.

Desemba iliyofuata tulikuwa tumekwisha kutanguliza malipo ya vipaza sauti. Tulipowahesabu walezi tuliona hawatoshi, tukaahirisha mkutano hadi baada ya Pasaka, na mwenye vipaza sauti akakataa kuturudishia fedha yetu.