Barua kwa mwanangu: Kilichobaki mzingani

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Dodoma hatujambo, upepo tu na vumbi lake kama kawaida ya Juni.

Umeniuliza jambo moja: mzinga ukiwa na masega 20, baba yenu alikuwa anarina mangapi? Naelewa unataka namba ya kwenda nayo kwenye mizinga kule Manyoni Jumamosi, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza mnarina bila yeye. Lakini nikikupa namba peke yake utaharibu. Nyuki ndio wenyeji kule. Alilisema hilo kila mwaka, nami nalirudia, kwa sababu watu wa mjini mnaingia porini kama mnaenda dukani.

Kwanza ujue mizinga yake imejengwaje. Sanduku lina urefu wa sentimita 90 kwa ndani, na juu yake vimelala viunzi 28, vile vijiti vya nyuki kujengea masega, kila kimoja upana wa milimita 32. Huo ndio upana ambao nyuki wetu wanaupenda kati ya sega na sega. Kiunzi kikizidi hapo, wanajenga mshazari, sega moja linashika viunzi viwili, na ukiinua kimoja unararua yote. Asali inamwagika, nyuki wanazama humo, harufu inaita siafu. Kuna fundi aliwahi kumletea viunzi vya milimita 38, akaviranda upya vyote, kiunzi kwa kiunzi, huku akivipima kwa kipande cha mninga alichokikata kwa kipimo cha milimita 32. Kile kipande kipo bado juu ya kabati. Ukitengeneza kiunzi kipya, pimia hicho, usipimie rula.

Kurina anza nyuma, mbali na tundu la kuingilia. Malkia anataga karibu na mlango, kwa hiyo majana, watoto wa nyuki, yapo mbele, yanafuatiwa na masega yenye chavua, na asali tupu inakaa nyuma. Inua sega moja moja, wima, usililaze maana nta yenye joto ni laini na litakatika. Tazama: kama robo tatu au zaidi imefungwa kwa nta, ni lako. Kama bado liko wazi, litikise kidogo. Likidondosha majimaji, lirudishe. Asali hiyo ina maji mengi, itachacha ndani ya ndoo, na ndoo ikifura mfuniko mteja harudi. Ukikutana na sega la kwanza lenye majana au chavua, simama. Hata kama nyuma ulipata masega mawili tu, simama. Halafu geuka uhesabu ya asali uliyoyaacha. Yakiwa chini ya 5, rudisha mpaka yafike 5.

Umeona sasa kwa nini namba peke yake haitoshi? Mzinga mmoja unatoa masega 9, wa jirani yake unatoa 2, na wote wana masega 20.

Moshi: magunzi ya mahindi chini, mavi makavu ya ng'ombe juu. Usitie karatasi ya nailoni wala tone la mafuta ya taa, asali inanyonya harufu. Pulizia mkono wako kwanza. Ukikuunguza, unawaunguza na wao. Moshi unaotakiwa ni mweupe na wa baridi. Nenda jua likishazama, uvae nguo nyeupe, usijipake manukato, na tochi uifunge kwa karatasi nyekundu kwa sababu nyuki hawaioni rangi hiyo. Akikuuma mmoja utasikia harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ni harufu ya kuitana. Kwangua mwiba kwa ukucha papo hapo, puliza moshi juu ya jeraha, la sivyo wenzake wanakuja palepale.

Lakini wewe hukumuuliza mama yako habari za moshi tu, najua. Kwenye barua yako kuna mstari ulioufuta kwa kalamu na bado unasomeka: kama alipenda pori kuliko nyumbani.

Kila mtoto alipozaliwa alitundika mzinga. Wako ni ule wa nne, uko kati ya miti miwili ya mtundu inayoelekeana, namba yake kaichoma kwa chuma cha moto ubavuni. Hakuurina mpaka ulipofika darasa la tatu na kuweza kushika bomba la moshi mwenyewe. Mdogo wako alipougua surua, msimu mzima aliuacha, mizinga yote, akawa anakaa kitandani pake kumchongea vinyama vya mti. Aliondoka Ijumaa na basi la mchana, akarudi Jumapili kabla ya jua kuzama, na kila mara alileta kipande cha sega kwa kila mtoto, kimefungwa kwenye jani, vyote sawa kwa ukubwa. Mtu anayependa pori kuliko nyumbani hagawi asali kwa kupima. Au labda anagawa hivyo kwa sababu anajua alikuwa hayupo siku mbili. Hapana. Mlikwenda naye, zamu kwa zamu, mkarudi mnayajua majina ya miti kuliko majina ya walimu. Hilo nalijua.

Kuna mwaka mmoja, hata hivyo, ambao nikiukumbuka moyo unafukuta. Mvua ilikatika mapema, maua yakakauka mtini. Baba yenu alikuwa na homa, akamtuma baba yako mdogo akaangalie mizinga tu, na aongeze maji kwenye yale madumu aliyoyakata na kuweka vijiti vya nyuki kutua wasizame. Baba mdogo alirudi na ndoo sita zimejaa. Alirina mpaka masega ya mlangoni, na ndani ya asali yalikuwemo majana meupe yanaelea. Nilimwona baba yenu akiyatoa kwa kijiko, moja moja, akiyapanga kwenye sahani kama anayahesabu. Hakusema neno. Wiki mbili baadaye alipoenda, mizinga 11 ilikuwa mitupu. Nyuki wamehama, nondo wameshaanza kutoboa nta.

Yeye mpaka anakufa alisema ni ukame. Alisema nyuki wenye njaa na kiu wangehama hata asali yote ingeachwa, na kwamba ndugu yake alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Ni kweli, mwaka ule hata mizinga ya watu wengine ilihama. Lakini ile mizinga mitatu ambayo baba mdogo hakuifikia kwa sababu giza lilimkuta, nyuki wake walibaki. Mitatu. Nimeyageuza hayo miaka yote, na baba yako mdogo ni mtu mzima sasa, anatuletea viazi, anaswali na sisi. Basi nisiseme. Ila wewe ukienda naye Jumamosi, bomba ashike yeye, masega uinue wewe.

Mambo machache ya kwenda nayo. Grisi, uipake kwenye waya mpya za kutundikia, siafu wasivuke. Mizinga ikae kimo cha kifua, ining'inie mbali na shina, nyegere asipate pa kushika. Dumu za maji zijaze hata kama zina nusu, kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Chukua ndoo za plastiki zenye mfuniko, si za bati, asali inakula bati. Ukifika nyumbani chuja kwa kitambaa cheupe, iache itone yenyewe usiku kucha, usiiweke motoni ili iharakishe. Na mtu akikushauri mizinga ya magome kwa kuwa ni rahisi, mwambie mti uliochunwa gome mzunguko mzima hauoni mvua nyingine mbili.

Sasa ile namba yako. Ukifungua mfuniko wa kila mzinga, ugeuze chini uumulikie tochi. Utakuta mwandiko wake, kila mwaka mstari mmoja: mwezi, na namba moja. Wengi wanadhani ni masega aliyorina. Siyo. Aliyorina hakuyaandika popote, nimetafuta. Ni yale ya asali aliyoyaacha ndani. Kwenye mzinga wako utaona 5, 5, 6, 5, kisha mwaka ule wa ukame mstari mtupu, na mwaka uliofuata, nyuki waliporudi, 12. Yaani hakugusa kitu.

Kalamu yake ya seremala nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, pamoja na glovu. Imebaki fupi, ichonge kwa kisu.

Mama yako