Jibu: Madarasa ya shule ya msingi kutumiwa na watu wazima jioni

Ndugu, umeuliza kama wakazi wa kata yenu hapa Moshi wanaweza kusomea jioni katika shule ya msingi ya serikali. Jambo hili si geni: Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wazima wengi walijifunza kusoma katika madarasa yaleyale ya watoto wao. Anzeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha mwoneni Afisa Elimu Kata. Ninachokisisitiza kwa moyo wote ni makubaliano ya maandishi kuhusu umeme, usafi na ulinzi, kwa sababu gharama hizo zikiachiwa shule peke yake, masomo hayatadumu. Masomo yenyewe wayachague wanaosoma, yakiwemo mahesabu ya mauzo ya kahawa.