Maji Nachemsha, Mbona Meno Yanatoka na Madoa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi kijijini huku Meru, mkoani Arusha. Maji ya bomba la kijiji nayachemsha kila siku, lakini mwanangu wa miaka 9 meno yake ya mbele yametoka na madoa ya kahawia. Wenzake wanamcheka eti hapigi mswaki. Kina mama tulipolalamika kwa kamati ya maji tukajibiwa kwamba maji yalishapimwa na ni salama. Nina mwingine wa miaka 2. Tufanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtoto asisimangwe tena. Nami nimekulia chini ya mlima huu, madoa hayo ninayo kinywani, na hakuna mswaki unaoyatoa. Yanaletwa na floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na kuingia kwenye maji. Jino la ukubwani hujengeka ndani ya fizi tangu utotoni, kwa hiyo doa huingia kabla jino halijaonekana. Anayeendelea kunywa floraidi nyingi miaka na miaka, hata mifupa na viungo huathirika.

Kuchemsha kunaua vijidudu, usiache. Ila floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, tena inazidi ukali.

Sasa hilo neno "salama" ndilo la kushikilia. Salama kwa kipimo kipi? Maji yanaweza kupimwa vijidudu yakaonekana safi huku floraidi haijaguswa. Tena kiwango cha Tanzania kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kikashushwa mwaka 2018 hadi 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Maji yenye 3 yalipita zamani, leo hayapiti. Kwa hiyo msiende kulalamika kwamba maji ni mabaya. Ombeni cheti cha maabara, chenye tarehe na namba ya floraidi. Liulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mhakikishe mtendaji ameliandika kwenye muhtasari. Nendeni wengi, na kina baba waje. Kama cheti hakipo au ni cha zamani, barua ya kijiji iende RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ofisi ya wilaya, kuomba maji yapimwe upya. Chemchemi nyingine za jirani nazo zipimwe, kwa sababu huku kwetu mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana.

Wakati mnasubiri, tenga maji ya kunywa na kupikia. Ya kufulia hayana shida. Mvua ya masika kingeni kwenye bati, ya mwanzo imwageni ioshe vumbi, kisha yanayofuata chemsheni. Hayo karibu hayana floraidi. Upo pia mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimeufanyia kazi miaka mingi, lakini mkaa huchoka, lazima ubadilishwe. Magadi kwenye makande na maharage acheni kabisa, nayo yana floraidi.

Maji ya mvua yakiwa machache, aanze huyo wa miaka 2, uji wake na maji yake ya kunywa. Meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengeka sasa. Mkipewa hiyo namba, niandikie.