Ukitaka kujua asili ya ufumaji, shika sindano kwanza

Ninaowafundisha kufuma wakiniuliza kazi hii ilianzia wapi, siwajibu mpaka wajaribu kwa mikono yao njia mbili: ya sindano mbili, na ya sindano moja yenye tundu. Nanyi nawashauri vivyo hivyo, maana picha za mtandaoni zinadanganya.

Inayosambaa zaidi ni ya soksi nyekundu kutoka Oxyrhynchus, Misri, ambazo sasa ziko kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ni za kati ya karne ya 3 na ya 5, na kidole gumba kimetengwa ili zivaliwe na kandambili. Ukiziona utaapa ni za sindano mbili. Wapi! Zimefanywa kwa sindano moja yenye tundu, na kila kitanzi fundi alipitisha uzi wote hadi ncha. Ndiyo maana alilazimika kutumia vipande vifupi na kuviunga kila mara. Sisi tunavuta kitanzi ndani ya kitanzi, uzi mwingine unabaki kwenye bonge.

Chukua uzi mnene, fanya kipande kidogo kwa kila njia, kisha vuta ncha. Cha sindano mbili kitafumuka mstari baada ya mstari. Kile kingine kitagoma.

Ufumaji wetu wenyewe, wa kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi, tunauona kwenye soksi za pamba, bluu na nyeupe, za Misri hiyohiyo, za karne ya 11 hadi 14. Zilianzwa vidoleni kupanda juu. Iga hilo: unajipima mguuni huku ukifuma.

Halafu kuna mto wa hariri uliotoka kwenye kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa Burgos, Hispania. Una takriban vitanzi 20 kwa inchi moja, na pembeni umeandikwa "baraka" kwa Kiarabu. Ni kazi ya mafundi Waislamu, na hakuna anayeanza na kazi kama ile. Ufundi huo ulikuwa umeshakomaa.

Kitanzi cha kinyume, yaani kinachovutwa kutoka mbele kwenda nyuma na kinachowatesa wanaoanza, kilichelewa: tunakiona kwenye soksi alizozikwa nazo Eleonora di Toledo, mke wa mtawala wa Florence, Italia, huko huko Florence, mwaka 1562. Wa kale walifuma kwa kuzunguka bila kugeuza kazi, hivyo hawakukihitaji, kama Bikira Maria kwenye mchoro wa Buxtehude, Ujerumani, wa mwaka 1400 hivi, anayefuma shati kwa sindano nne. Kwa hiyo mwanafunzi wako akilia na kitanzi cha kinyume, mpe sindano nne na aanze na soksi. Sweta la vipande litasubiri.