Maswali yenu: akili mnemba na tasnifu

Msimu wa kukabidhi tasnifu umekaribia, na barua nyingi mlizoniandikia zinauliza jambo moja: akili mnemba itumike hadi wapi? Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Niliiomba ChatGPT marejeo ya sura ya pili, ikanipa kumi na matano. Msimamizi anasema manne hayapo kabisa. Inawezekanaje, wakati majarida yenyewe nayafahamu? (Mwaka wa tatu, Mwanza)

Marahaba. Programu hii haifanyi kazi kama katalogi ya maktaba. Inapanga maneno kwa kufuata yalivyozoea kukaa pamoja, kwa hiyo inajua rejeo huwa na sura gani: jina la mtafiti anayefahamika, mwaka, jarida lililopo kweli, juzuu, kurasa. Ukiifungua juzuu hiyo, kwenye kurasa zilizotajwa unakuta makala ya mtu mwingine kuhusu jambo jingine. Mawakili wawili wa New York walinaswa hivyo hivyo mwaka 2023. Walinukuu mahakamani hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, wakatozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao.

Sasa fanya hivi. Kila rejeo litafute kwa kichwa chake kamili kwenye Google Scholar, au African Journals Online kama ni jarida la Afrika. Lenye namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, ifungue uone inakupeleka wapi. Ukilipata, lisome, maana hata makala iliyopo kweli inaweza kubebeshwa madai ambayo mwandishi wake hakuyatoa. Ambalo hukulisoma liondoe, hata kama orodha itapungua.

Nimewahoji mama lishe kumi na wawili kuhusu mikopo. Naweza kuipa programu mahojiano yote iniandikie sura ya nne? (Uzamili, Dodoma)

Hapa naomba usimame kwanza. Fomu ya ridhaa uliyowasomea iliahidi nini? Nyingi husema majibu yataonwa na mtafiti na msimamizi wake tu. Ukiyapakia kwenye huduma ya kampuni iliyo ng'ambo, ahadi hiyo umeivunja. Isitoshe, hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na kufuta majina peke yake hakutoshi: ukiandika "mjane anayepika mkabala na geti la hospitali ya wilaya", mtaa mzima umeshamjua.

Kisha kuna utafiti wenyewe. Tuseme kumi na mmoja wamesema mkopo umewasaidia, na mmoja akasema walikuja kumbebea friji na masufuria mbele ya wateja wake. Muhtasari wa mashine utakuambia wanawake wengi wananufaika, na huyo mmoja ataishia nusu sentensi, au asitajwe kabisa. Huenda yeye ndiye mwenye jambo ambalo watafiti waliokutangulia hawakulisikia. Sikiliza rekodi mwenyewe, ziandike mwenyewe, zirudie mpaka umtambue kila mama kwa anavyozungumza. Ukishapanga mada zako, iulize programu mambo ya jumla bila kuipa maneno yao: nadharia zipi zinaeleza madeni ya vikundi, na hoja zipi zinazipinga. Hapo inasaidia sana.

Kiingereza changu ni dhaifu. Kunyooshewa sentensi ni udanganyifu? (Iringa)

Kwa maoni yangu hapana, mradi mawazo ni yako, chuo chako hakijakataza, na umeeleza wazi kwenye tasnifu ni programu gani uliitumia na kwa kazi ipi. Ila linganisha sentensi yako na iliyorudi. Mara nyingine hukoleza madai: wewe umesema mambo mawili yanaonekana pamoja, yenyewe inaandika kwamba moja limesababisha jingine. Mtahini atakubana hapo hapo.

Programu ya ukaguzi imesema asilimia 70 ya kazi yangu imeandikwa na mashine. Niliandika mwenyewe! (Nairobi)

Pole sana. Vipimo hivi hukosea, na huwaonea zaidi watu kama sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba vipimo kadhaa vilihesabu zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa ni za mashine. OpenAI wenyewe, walioiunda ChatGPT, waliondoa kipimo chao Julai mwaka huo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Peleka rasimu zako zote, daftari la uwandani na historia ya faili, kisha omba uhojiwe ana kwa ana. Na kwenu wahadhiri wenzangu: asilimia hiyo peke yake si ushahidi wa kumfelisha mtu.

Nauli imeisha nikiwa na hojaji 60 kati ya 150. Rafiki anasema akili mnemba inaweza kujaza zilizobaki na takwimu zikatoka vizuri. (Mbeya)

Usifanye hivyo, tafadhali. Huko ni kughushi, na kesho ofisa wa halmashauri anaweza kupanga bajeti kwa takwimu zako. Kamwone msimamizi wiki hii, kabla hujaingiza chochote kwenye SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu. Hojaji 60 za kweli zinateteeka: punguza eneo la utafiti, chagua uchambuzi unaofaa sampuli ndogo, na katika sura ya tatu eleza kwamba ulilenga 150, ukaishia 60, na sababu yake.