Niliwaonea kamba, kosa lilikuwa la tui

Mwaka jana nilipimwa damu, kolesteroli ikaonekana iko juu. Daktari aliniambia nipunguze mafuta. Mimi nikasikia "acha kamba", maana hapa Lamu ndivyo tunavyoambiana. Miezi mitatu sikugusa kamba wala kaa. Badala yake nikala kuku wa kukaanga, viazi karai kila magharibi, na mchuzi wa kasimele (tui la kwanza) nzito, mwiko unakaribia kusimama wima. Kupima tena, namba imepanda!

Kamba wana kolesteroli, hilo kweli. Gramu 100 za kamba waliopikwa zina miligramu 190 hivi, karibu sawa na yai moja. Lakini mafuta yao hayafiki gramu 2. Na kolesteroli nyingi ya mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Mafuta yanayoganda ukiyaweka kwenye friji, kama samli na ya nazi, ndiyo yanayolifanya ini lizembee kuiokota kolesteroli mbaya (LDL, ile inayoziba mishipa) kwenye damu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu waliolishwa gramu 300 za kamba kila siku: kolesteroli mbaya ilipanda asilimia 7, ile nzuri (HDL, inayorudishwa kwenye ini) asilimia 12, na trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, zikashuka asilimia 13.

Chaza wa kwenye mikoko nao wana lao. Wana steroli nyingine, yaani ndugu za kolesteroli, zinazogombania nayo mlango wa utumbo, tena wana taurini, asidi iliyomo kwenye nyama na samaki. Panya wakilishwa taurini, ini lao hugeuza kolesteroli zaidi kuwa nyongo. Ila usikimbilie kushangilia: panya hana hata kifuko cha nyongo, na kolesteroli yake nyingi husafiri ndani ya ile nzuri. Si sisi.

Siku hizi kamba nawachoma na maganda yake, kwa ndimu, thomu na pilipili. Nikitaka mchuzi, natumia tui la pili na ukwaju, kasimele kijiko kimoja tu mwishoni ili harufu isipotee. Mke wangu alinuna wiki nzima, akasema huo ni mchuzi wa mgonjwa. Sasa ananiomba nimbakizie.

Mwenye gauti (jongo, ugonjwa wa maumivu ya viungo) au anayevimba akila kamba, haya hayamhusu. Na ukiwa umeandikiwa dawa, endelea nayo.

Namba zangu zimeanza kushuka. Kuku wa kukaanga nimemwacha. Viazi karai bado vinanishinda.